Jinsi ya Kulinganisha Nguvu ya Amplifaya na Spika za Pikipiki

Karibu, ndugu mtazamaji. Pikipiki iliyo mbele yetu ni Boxer ya bodaboda yenye betri ya volti 12, ampea-saa 5, na mwenyewe ameleta amplifaya ndogo ya njia mbili, moja kwa kila spika, pamoja na jozi ya spika za inchi 4. Kabla hatujagusa waya wowote, tutatafuta kwanza wati za kweli, kwa sababu kifuniko cha amplifaya hii kinadai wati 600, ilhali taa kubwa ya pikipiki yenyewe ni ya wati 35 tu.

Chomoa fyuzi ya amplifaya uisome. Hii ni ya ampea 5. Injini ikizunguka vizuri, betri hupata takriban volti 13.5, na ukizidisha kwa 5 unapata wati 67.5, ambao ndio umeme wote unaoweza kuingia humu kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Sehemu yake hupotea kama joto, kwa hiyo kinachobaki kwa spika zote mbili ni wati hamsini na kidogo. Wati nyingine mia tano na ushei ni za aliyechapa kifuniko.

Upo mpaka mwingine ulio mkali zaidi. Amplifaya ndogo za namna hii hazina sehemu ya kupandisha volti, hivyo haziwezi kuisukuma spika kwa volti zinazozidi zile za betri. Chukua 13.5, uizidishe kwa yenyewe, upate 182, kisha ugawanye kwa mara mbili ya omu za spika (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), yaani 8 kwa spika ya omu 4. Jibu ni karibu wati 23 kwa kila upande, na hapo bado hatujaondoa upotevu wa ndani. Mimi huhesabu wati 16 zilizo safi, ili muziki usianze kukwaruza pale injini inaposhuka mzunguko na volti zikapungua.

Sasa geuza spika, usome nyuma ya sumaku. Imeandikwa wati 120 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, RMS 30. Hiyo 30 ndiyo namba yetu, kwa kuwa inaeleza mzigo ambao koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, inaustahimili mfululizo, ilhali 120 ni ya kishindo cha kupita. Spika ya wati 25 hadi 40 za RMS inafaa kwa amplifaya hii. Wengi hudhani kwamba amplifaya dhaifu haiwezi kuunguza spika kubwa, lakini ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, wastani wa nguvu hupanda, na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ndiyo inayotangulia kufa.

Thibitisha omu kwa mita. Spika ikiwa haijaunganishwa, gusisha nyaya za mita kwenye ncha zake mbili. Hapa tunasoma 3.4, jambo la kawaida kwa spika ya omu 4, kwani mita hupima waya wa koili peke yake. Usifunge spika mbili kama hizi sambamba kwenye njia moja, kwa sababu zitakuwa omu 2 na amplifaya itachemka.

Ukiwa bado dukani, uliza pia desibeli za spika, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti inayotoa. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja hutoa sauti sawa na ya desibeli 87 iliyopewa nguvu maradufu, na kwenye chombo kisicho na paa wala milango, ambako upepo unameza sauti, desibeli hizo tatu zina thamani kuliko wati 500 za kifuniko.

Tufunge nyaya. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Waya wa chanya wa amplifaya uanzie kwenye betri, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichunika ukagusa fremu, fyuzi ikatike kabla ya moto kuwaka chini ya tangi. Kila spika ipate nyaya zake mbili moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya. Usipeleke hasi ya spika kwenye fremu hata kidogo, kwani katika amplifaya hizi ncha zote mbili hubeba umeme wa sauti. Nilimuunguzia mteja amplifaya mpya kwa kosa hilo, nikailipa.

Rudisha waya wa betri, lakini acha spika nje. Cheza kwenye simu mlio wa majaribio wa hezi 400, sauti ya simu ikiwa karibu na mwisho, kisha weka mita kwenye volti za AC katika ncha za spika. Tunataka wati 16 kwa omu 4. Zidisha upate 64, ambayo kipeuo chake cha pili ni 8. Zungusha polepole kitufe cha geni, kile kinachopandisha nguvu ya amplifaya. Sita na nusu, saba na nusu, nane. Simama hapo, weka alama ya rangi, uzime, kisha unganisha spika.

Mwisho, washa injini, taa na muziki pamoja, halafu pima betri. Kwenye mwendo tunasoma 13.6, na kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kupewa mafuta, 12.9, kwa hiyo betri bado inapata chaji. Injini ikizimwa, muziki huu unavuta takriban ampea 1.3, na saa mbili za kusubiri abiria kijiweni zinatosha kula zaidi ya nusu ya betri. Selfu ikigoma, itabidi upige kiki.