Kukaa Pamoja Ndiyo Kazi Yenyewe

*Mhadhara uliotolewa jijini Tanga mwishoni mwa mwaka wa klabu ya huduma kwa jamii, mbele ya wanachama, jamaa zao na wageni waalikwa*

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, marahaba, nimewasikia mlipokuwa mnaingia.

Rais wetu anayeingia, wanachama wenzangu, wageni wetu. Nimeombwa nizungumzie mwaka wetu, ulioanza tarehe 1 Julai kama ilivyo desturi ya klabu za namna yetu duniani, na ambao tunaufunga tarehe 30 Juni. Ripoti ya miradi atawasomea katibu, na hesabu atazitoa mweka hazina. Mimi nitashika jambo moja ambalo mwaka mzima nimekuwa nikiulizwa sokoni, msibani, hata ndani ya daladala: "Mama, nyinyi watu wa klabu, mbona kila wiki mnakutana mnakula? Hela hiyo si mngewapa wenye shida?"

Swali hilo ni halali kabisa. Jibu fupi ni kwamba kila mmoja hujilipia sahani yake. Jibu refu ndilo lililonisimamisha hapa: pasipo ile meza, katika miradi tuliyoianza Julai hakuna ambao ungefika Oktoba.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 23 Februari 1905, mjini Chicago, wakili aliyeitwa Paul Harris alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao. Harris alikulia kijijini, mahali ambapo ukipita unaitwa kwa jina, na mji mkubwa ulikuwa umemtia upweke. Alichokitafuta ni marafiki. Wakakubaliana wakutane kwa zamu katika ofisi zao, leo kwako, kesho kwangu, na huko kupokezana ndiko kulikoipa klabu yao, Rotary, jina lake. Kampeni yao ya kwanza kwa ajili ya mji ilikuja 1907, na ilihusu vyoo vya umma. Naomba mlitazame hilo vizuri: kwanza walikaa, wakajuana, wakaaminiana, ndipo wakaona kwamba mji wao hauna pa mtu kujisitiri. Miaka kumi baadaye, 1917, mji huohuo ukazaa klabu nyingine ya huduma, Lions, kwa juhudi za Melvin Jones, mtu wa bima, aliyewauliza wafanyabiashara wenzake kwa nini waishie kufaana wao kwa wao tu. Mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, akasimama mbele yao mkutanoni na kuwataka wawe watetezi wa wasioona. Mpaka leo macho ni kazi yao.

Sasa msije mkadhani haya tumeletewa na meli. Tanga imekuwa mji wa vyama tangu enzi za bibi zetu. Wazee wa Ngamiani wanaijua habari ya beni, vile vyama vya ngoma vya Marini na Arinoti, na vyeo vyao, na sare zao, na gwaride lao. Watu wa nje waliona ngoma tu, lakini mwanachama wa beni akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa kwa heshima. Zikaja klabu za taarabu, Black Star na Lucky Star, ambamo watu walikutana kwa mazoezi na mazoezi hayo yakawafanya ndugu. Kina mama tuna upatu, tuna vikoba, tuna vyama vya kuzikana. Huko milimani kuna msaragambo, kazi ya kijiji ifanywayo kwa pamoja. Klabu yetu imeingia katika nyumba ambayo msingi wake ulishachimbwa.

Nije kwenye mikoko, maana hapo ndipo mwaka huu ulinifundisha.

Wengi wetu tulidhani kupanda mikoko ni kuchukua miche, kuingia kwenye tope, kuchomeka, kupiga picha, kurudi mjini. Kwanza mikoko yote ni msitu wa hifadhi chini ya serikali, kwa hiyo tulianza kwa watu wa misitu na kwa kamati ya wavuvi ya pale ufukweni. Pili, kuna suala la mahali. Alikuwepo bibi mmoja anayetanda dagaa kwa kanga pamoja na wenzake, akatusimamisha. Akatuonyesha ule ukingo tuliouchagua: mchanga mwingi, wimbi linapiga moja kwa moja. Akasema mkoko hapo hautashika hata tuuombee dua. Mti unaovumilia kuelekeana na bahari ni mlilana, na mkoko wenyewe hutaka tope zito nyuma yake, na mkandaa huja nyuma zaidi, na mchu utauona mpaka kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kila mti una kiwango chake cha maji. Ukiuhamisha umeuua.

Kisha akatufundisha kuchagua mbegu. Mkoko haudondoshi kokwa kama mwembe. Tunda lake huotea juu mtini, likateremsha kijiti kirefu cha kijani chenye ncha. Vijana waliokwenda kuvichuma walivuta vyote, na bibi akavirudisha vingi. Kilichokomaa hujionyesha shingoni, pale kijiti kinapokutana na tunda, huwa pamegeuka njano, na ukikizungusha kidogo chenyewe kinaachia. Kisichokomaa utakivunja, na hakitaota. Unakizamisha ncha chini kama theluthi ya urefu wake, unakiacha kisimame, unapiga hatua, unaweka kingine. Kazi yenyewe ni nyepesi. Mgongo ndio unaolalamika, na tope linakushika mguu mpaka gotini.

Yote haya yalikwisha asubuhi moja, maji yakajaa, tukaenda zetu. Na kwa vikundi vingi mradi huwa umeishia hapo. Pwani hii imepandwa mikoko mara nyingi kuliko ilivyoota, na wavuvi watakwambia ni wapi.

Sisi tulirudi. Tulipoingia mara ya pili, sehemu nzima ilikuwa tupu. Kaa walikuwa wamekula vijiti vichanga, vingine vimeng'olewa na maji, na upande mmoja mitumbwi ilikuwa inaburutwa juu yake kila alfajiri. Kaa huwezi kufanya nao kikao, unapandikiza upya. Lakini vijana wa mitumbwi ni watu, na mtu huzungumza. Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara ya samaki pale Deep Sea, anawajua kwa majina na baba zao anawajua. Alikaa nao kwenye kivuli, wakanywa kahawa chungu, wakapanga njia ya kupitisha vyombo vyao kandokando. Tangu siku hiyo wao ndio wanaotupigia simu: "Mama, kule kona kumeng'oka." Mwanasheria asingeweza kuipata hiyo. Mimi muuguzi mstaafu nisingeweza. Aliipata mtu wa samaki, na mtu wa samaki tunaye kwa sababu kila wiki tunakula naye.

Na niwaambie ukweli kuhusu kurudi. Safari ya kwanza kila mtu anakuja, pana shamrashamra na fulana mpya. Safari ya nne, jua kali, hakuna mwandishi wa habari, hakuna mheshimiwa, nani atakuja? Niliwatazama waliokuja. Fundi cherehani wetu alikuja kwa sababu alikuwa ameahidi kumpitia mwalimu mkuu kwa pikipiki. Mwalimu mkuu alikuja kwa sababu asingependa fundi amkute amelala. Shabiki wa Coastal alikuja amchokoze shabiki wa African Sports kuhusu mechi. Mikoko ilipata watunzaji kwa sababu watu wale walikuwa wanapendana. Mimi siioni aibu katika hilo, naiona ndiyo siri ya kazi yote.

Damu ni hivyohivyo, na hapa mniwie radhi, nimeifanya kazi hii wodini, nitaongea kwa uchungu kidogo.

Mfuko mmoja wa damu ni kama mililita 450. Ukishapimwa UKIMWI, kaswende na homa ya ini, B na C, unawekwa kwenye jokofu, na chembe nyekundu zilizomo hudumu siku 35. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni siku 5 tu. Fanyeni hesabu wenyewe. Klabu ikichangia damu mara moja kwa mwaka, kwenye maadhimisho ya Siku ya Wachangia Damu Duniani, tarehe 14 Juni, kwa ngoma na spika, damu ile Agosti haipo. Na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hachagui mwezi. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria baada ya masika hawezi kungoja mpaka tutangaze hafla nyingine. Nimewaona ndugu wa mgonjwa wakitoka nje usiku kutafuta mtu wa kundi fulani, wakirudi na jirani ambaye amekubali kwa hofu. Hakuna nchi inayopaswa kuishi hivyo, na kinachotakiwa ili tuachane nako ni watu wenye tabia ya kurudi.

Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Uwe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kwa hiyo tulichofanya mwaka huu ni kuwagawa wanachama na rafiki zao katika zamu, ili kila baada ya wiki chache wawepo wa kwenda. Kila zamu ina msimamizi, na msimamizi anakujua. Anajua kwamba wewe sindano inakutisha, atakaa kando yako akuulize habari za shamba lako la Muheza mpaka mfuko ujae. Yupo kijana mmoja, simtaji, alikuja mara ya kwanza akaangalia ukutani muda wote, mkono umekakamaa, ule mpira wa kuminya ameubana asiuachie. Akamaliza, akapewa soda na biskuti, akakaa, rangi ikamrudia. Sasa yeye ndiye anayekaa kando ya wageni.

Kuhusu polio nitasema kidogo, ingawa ndilo jambo kubwa ambalo klabu za huduma zimewahi kulishika. Rotary ilijifunga rasmi kulitokomeza mwaka 1985, na juhudi ya dunia nzima ikaanza 1988, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na kirusi asilia cha polio mwaka 2020. Lakini Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa, kwa kirusi kilicholetwa kutoka nje ya bara, na hapa kwetu chanjo ikaanza katika mikoa ya mpakani, kisha nchi nzima, nyumba kwa nyumba, matone mawili mdomoni na alama ya wino kwenye kidole cha mtoto. Watu walilalamika: "Si mlikuja juzi?" Tulikuja juzi, na tukaja tena, kwa sababu chanjo hiyo hufanya kazi kwa kurudiwa.

Kuna upande mwingine wa udugu ambao hauandikwi kwenye ripoti. Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe mwaka huu. Hatukupeleka bahasha tukaondoka. Kina mama tulikuwa jikoni kwake tangu siku ya kwanza, wanaume walichimba, walibeba, walilala nje kwenye mikeka hadi arobaini ilipoisha, wakipokezana. Waislamu na Wakristo. Alipotoka eda alikuja mkutanoni, akakaa kiti chake kilekile, na hakuna aliyemtolea hotuba. Alihudumiwa chai. Mwezi uliofuata akaomba apewe zamu ya damu aisimamie, na anaisimamia vizuri kuliko nilivyoisimamia mimi.

Msidhani tulikaa mwaka mzima tukichekeana. Tuligombana juu ya fedha, kama watu wote wazima. Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika klabu za namna hii ni ile inayotenga mifuko miwili: ada za wanachama ndizo zinazolipia ukumbi, karatasi na mambo yetu, na kilichochangwa na umma kwa ajili ya mradi hakiguswi kwa jingine, hata senti. Wakati mmoja ukumbi ulikuwa unadaiwa na mfuko wa mradi ulikuwa umenona. Palikuwa na hoja, na waliozitoa si watu wabaya, kwamba tukope kidogo turudishe. Mweka hazina alikataa. Sauti zilipanda, mtu akaondoka na chai yake mezani. Wiki iliyofuata alikuja. Kama tungekuwa tunakutana mara moja kwa mwaka asingerudi, na ugomvi ule ungekuwa umekaa kifuani mwake mpaka leo.

Vijana mlioalikwa leo, na hasa nyinyi mabinti, jueni kwamba milango hii haikuwa wazi kwenu siku zote. Rotary iliruhusu wanawake kuwa wanachama duniani kote mwaka 1989 tu, Lions 1987. Kwa hiyo msiingie kwa kunyata.

Sasa mambo ya wiki hii. Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa kwenye saa nne asubuhi. Tukutane ufukweni Sahare saa tatu. Njooni na viatu vya kufunga, chaza wa pale wanakata. Katibu ana daftari la zamu za damu hapo mlangoni. Wanaume mliotoa mwezi Machi, zamu yenu imefika. Wanawake mliotoa mwezi huohuo, mtaitwa Julai. Kuleni kabla ya kuja, na mnywe maji ya kutosha.