Hela ya Chupa na Hesabu za Nchi Ndogo

Ndugu zangu, uchumi mzunguko, yaani kutumia mali tena na tena badala ya kuitupa, ni mada pana, kwa hiyo leo nitashika chupa moja tu.

Soda ya chupa ya kioo mnaijua: huna chupa tupu, unaacha hela ya chupa. Lithuania, nchi ya watu wasiofika milioni 3, ilianza utaratibu huo kwa chupa za plastiki na makopo Februari 2016, senti 10 za yuro kwa kila kimoja. Kabla ya hapo, chupa za plastiki zilizokuwa zikikusanywa ni kama theluthi moja. Mwaka 2017 zilirudi zaidi ya asilimia 90.

Sasa hesabu. Mfumo wa namna hii hula kwenye mafungu matatu: ada ya wazalishaji, mauzo ya mali iliyokusanywa, na hela ya chupa ambazo hazikurudi. Fungu la tatu ndilo lenye mtego. Tuseme nchi inauza vyombo milioni 100 kwa mwaka, kila kimoja kwa senti 10 zilezile. Vikirudi asilimia 90, milioni 10 vimepotea, yaani yuro milioni 1 imebaki kwenye mfumo. Vikirudi asilimia 95, nusu ya hela hiyo imeyeyuka, na hapohapo kuna vyombo milioni 5 zaidi vya kubeba, kuhesabu na kulipia maduka yanayovipokea. Kufaulu kunakula mapato! Kanuni ya kupandisha ada ya wazalishaji iandikwe siku ya kwanza. Bajeti haijengwi juu ya uvivu wa wanunuzi.

Mashine ya dukani ya kupokea chupa husoma msimbopau, ile mistari ya kwenye lebo, kisha huponda chupa papo hapo, ili lori lisibebe hewa na chupa isilipwe mara mbili. Chupa iliyokunjwa nyumbani hukataliwa, msimbo hausomeki. Duka lisilo na mashine hufunga mfuko kwa lakiri. Hapo jiandaeni kwa ugomvi, duka linasema 400, kituo cha kuhesabia kinapata 380.

Halafu kuna mpaka. Latvia, jirani ya Lithuania, ilianza utaratibu wake 2022. Lebo zikifanana, chupa iliyonunuliwa ng'ambo bila hela ya chupa italipwa kwako. Dawa ni msimbo wa nchi yako peke yake, lakini kuchapa lebo kwa soko dogo ni ghali, na mwagizaji wa kinywaji kinachouzika polepole anaweza kuona bora asikilete kabisa.

Na kiwanda? Katika mfano wetu, tuseme milioni 60 ni chupa za plastiki za gramu 25. Hizo ni tani 1,500, hazikishibishi kiwanda cha kugeuza chupa kuukuu kuwa chupa mpya. Mimi ningeacha kiwanda, ningeweka hela kwenye kuchambua: zisizo na rangi mbali, za rangi mbali, kisha marobota yauzwe nje. Bei hamtaipanga ninyi; bei ya mafuta yanayotengenezea plastiki ikishuka, plastiki mpya huwa rahisi na yenu hushuka nayo, basi ghala la kusubiria linahitajika. Liwe na paa. Jua la miezi michache huifanya plastiki kuwa ya njano na dhaifu, na mnunuzi atakata bei palepale kwenye mizani.