MGB imetoka kupakwa rangi, taa zimepagawa: tutafute stima inapopotelea

Karibuni tena chini ya mabati. Hii ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1971, imetoka kwa fundi wa rangi juzi, bado inanuka thina. Kijana, peleka kamera nyuma, taa ya kushoto. Nakanyaga breki. Mmeona? Taa ya breki inawaka kama mshumaa, na indiketa ya jirani inajiwasha hafifu ilhali sijagusa kitu. Sasa naweka indiketa. Kila ikipiga, taa ndogo nyekundu inafifia. Upande wa kulia ni mzima kabisa.

Wengi wakiona hivi wanakimbia Kirinyaga Road hapa Nairobi kununua balbu, flasha (ile inayofanya indiketa ipepese) na swichi ya breki. Pesa ikae mfukoni kwanza. Taa zikianza kuazimana mwanga namna hii, shida huwa ni athi, yaani njia ya stima kurudi kwenye betri kupitia bodi. Stima imefika kwenye balbu vizuri, lakini mlango wa kurudi kwenye bodi umezibwa, basi inapita njia ya panya kupitia uzi wa balbu ya pili. Na gari lililopakwa rangi upya ndilo linaloumwa sana ugonjwa huu. Fundi amepaka kila mahali, mpaka pale chuma kitupu kilipokuwa kinagusa chuma kitupu. Rangi haipitishi umeme. Kadiri fundi wa rangi alivyo hodari, ndivyo fundi wa umeme anavyopata kazi.

Vifaa. Mita ya kidijitali, zile za Luthuli Avenue zinatosha. Balbu ya wati 21 kwenye kishikio chake na nyaya mbili zenye klipu. Waya mrefu wa mita 3 wenye klipu kila upande. Brashi ya waya, msasa nambari 120, vaselini. Vua pete na saa, chuma cha mkononi kikigusana na betri kinakuwa jiko. Kizima moto kiwe karibu, cha unga, kwa sababu pampu ya petroli iko huko huko nyuma karibu na betri.

Kitu kimoja kuhusu mita, na nitakirudia hadi mnichoke. Waya mwekundu wa mita uko kwenye tundu la volti. Sio la ampea 10. Ukiuacha kwenye tundu la ampea kisha ukapima betri, hupimi chochote, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha shaba. Mita nyingi za bei rahisi, tundu hilo halina hata fyuzi. Angalia tundu. Haya, angalia tena.

La pili, ujue athi ya gari lako. MGB za 1962 hadi karibu na mwisho wa 1967 zina dainamo, mashine ya zamani ya kuchaji betri, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Kutoka hapo zikaja na alterneta, mashine mpya ya kazi hiyo hiyo, na hasi ikawa ndiyo athi. Ukigeuza betri kwenye gari la alterneta, daiodi zake, vile vipande vinavyopitisha stima upande mmoja tu, zimekwenda. Gari la zamani huenda limebadilishwa na mtu miaka mingi iliyopita, kwa hiyo usiamini kitabu peke yake, fuata kebo kwa macho.

Betri ziko nyuma ya viti, chini ya kifuniko. Hii ina mbili za volti 6, zimefungwa mfululizo. Zilikaa hivyo kiwandani hadi 1974, ndipo ikaja moja ya volti 12. Pima kila moja peke yake. Hapa napata 6.31, na hii 6.28. Safi. Watu hupima mbili kwa pamoja, wanapata 12.0, wanasema inahitaji chaji. Kumbe moja ina 6.3 na nyingine 5.7, na hiyo ya 5.7 huenda ina seli inayokufa. Ndani ya kila betri mna seli tatu, kila moja volti 2.1. Chaji hadi kesho, ikirudi pale pale, nunua nyingine.

Rangi za nyaya nazipitia haraka. Kahawia ni stima ya moja kwa moja kutoka betri, haina fyuzi, iogope. Nyeupe inakuja ukiwasha ufunguo, nayo haina fyuzi. Kijani ni ile nyeupe baada ya kupita kwenye fyuzi: breki, indiketa, waipa. Zambarau ni kahawia iliyopita kwenye fyuzi: honi na taa ya ndani. Nyeusi ni athi. Mstari mwembamba juu ya rangi ndiyo anwani ya mwisho: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mweupe ni ya kulia, chenye zambarau ni taa za breki. Ukikuta waya wa rangi usiyoielewa, pengine ni mkono wa fundi fulani wa zamani na tepu yake. Mimi tepu nyeusi siipendi. Kwa jua letu gundi inayeyuka, halafu inavutia vumbi. Na majaji wa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse huchungulia chini ya boneti.

Sasa kazi yenyewe. Taa za breki na indiketa zinahitaji ufunguo uwashwe, kwa hiyo kwanza chomoa waya mweupe kwenye koili, ile inayotengeneza stima ya cheche. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imelala, pointi za distribyuta (swichi ndogo ya cheche) zikiwa zimefunga, koili inachemka. Funga waya ule kwa kitambaa, usiguse bodi.

Klipu moja ya waya mrefu naifunga kwenye hasi ya betri, nguzo yenyewe ya risasi, sio kwenye kebo. Upande wa pili unaingia kwenye waya mweusi wa mita. Ncha nyekundu naigusisha kwenye chuma cha ndani cha kishikio cha balbu, pale inapokalia. Mita kwenye volti 20. Kijana, kanyaga breki na usiachie.

4.3.

Volti 4.3 zinapotea njiani kurudi nyumbani. Betri inatoa zaidi ya 12, balbu inabaki na 8. Athi nzuri haifiki 0.1 kwenye taa kama hii. Na angalieni, breki ikiachiliwa mita inasema 0.00, kana kwamba kila kitu ni kizima. Pima bila mzigo na utadanganywa mchana kweupe. Waya wenye nyuzi 14 ukibakiwa na uzi mmoja, mita itaonyesha 12 kamili, kwa sababu mita yenyewe hainywi kitu. Ukimpa balbu ya wati 21, anaanguka. Ndiyo maana sitaki kusikia kile kipimo cha mlio, tiii, “waya ni mzima”. Uzi mmoja nao unalia tiii.

Naingia ndani ya buti. Waya mweusi wa taa unafika hapa, kwenye pete iliyobanwa kwa bolti. Mnaona rangi inavyong’aa chini ya pete? Toa bolti, piga msasa hadi chuma kiwe cheupe, upana wa shilingi ishirini. Piga brashi pete pande zote mbili, na uzi wa bolti, na nati iliyochomelewa nyuma, maana nayo imejaa rangi. Rudisha, kaza. Vaselini inapakwa baada ya kukaza, juu juu, kuzuia maji ya Aprili. Sio katikati.

Breki. 1.9.

Eh. Kijana, usizime kamera. Imepungua, lakini haijaisha. Mwangaza umerudi kiasi, na hapa ndipo mtu hufunga buti akasema imetosha, kisha mvua ya kwanza inamrudisha. Tugawanye njia. Ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye pete: 0.02, msasa umefanya kazi. Sasa ncha moja kwenye pete, nyingine naichoma kwenye waya sentimita 3 kutoka hapo: 1.8. Basi adui yuko kwenye sentimita hizo 3. Nakata mpira... tazameni, kutu ya kijani imeingia pale waya ulipobanwa kwenye pete, na shaba imekuwa nyeusi. Kata nyuma. Bado nyeusi. Kata tena. Hapa inang’aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kuchomelea, hata uipashe moto kutwa.

Pete mpya, waya wa nyuzi 14 za milimita 0.30, unaobeba ampea 8.75, unatosha kwa taa hizi. Bana kwa koleo la kubania pete. Koleo la kawaida linaiponda tu, inashika leo, inalegea kesho kutwa. Breki. 0.06. Indiketa. Kila taa inakula kwake.

Hizo pete, pamoja na vichwa vya mviringo vya milimita 4.7 vinavyoingia kwenye vile viunganishi vya mpira mweusi nyuma ya grili, ninauza kwa pakiti. Viunganishi vile ni ugonjwa wa pili wa gari hili. Ukivifungua, badilisha na kibati cha ndani, sio kichwa tu.

Ile honi mliyoisikia ni ya matatu huko barabarani. Yangu hailii, fyuzi ya zambarau imeungua, nikaweka nyingine, pah! Usiweke ya tatu. Na usimalizie hasira kwa kuzungushia fyuzi karatasi ya sigara inayong’aa. Fyuzi za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, zimeandikwa ampea 35, lakini 35 ndipo inapokatika. Kwa kazi ya kudumu inabeba 17. Fyuzi ya kioo ya mtindo wa Marekani yenye 30 inabeba 30 kwelikweli, na waya wako ndio utaungua mahali pake. Tafuta ya 15, isizidi 20.

Badala ya fyuzi, naweka ile balbu ya wati 21, klipu moja kila upande wa kishikio cha fyuzi. Funga milango, la sivyo taa ya ndani itatuchanganya. Inawaka kwa nguvu: kuna waya wa zambarau unaogusa bodi, lakini balbu hairuhusu zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hakuna kinachoungua tukitafuta. Sasa tikisa nyaya, chomoa kimoja kimoja, ukitazama balbu. Hapa ndani hakuna. Mbele, nyuma ya grili... imezimika! Mkono wangu uko kwenye honi ya kulia. Kibanio chake kimerudishwa baada ya rangi na kimekalia waya. Legeza, vuta waya, mpira umekatika, kata na uunge upya. Fyuzi ndani. Piiip. Majirani, samahani.

Mwisho, betri inayokwisha usiku. Ufunguo umezimwa, milango imefungwa, kila swichi imezimwa. Toa kebo ya athi kwenye betri, mita inaingia katikati ya kebo na nguzo. Sasa ndiyo, waya mwekundu unahamia tundu la ampea 10. Usiguse ufunguo kabisa: stata inavuta zaidi ya ampea 100, mita itakufa mkononi. Gari hili halina kompyuta wala redio, linapaswa kusoma sifuri au karibu na hapo. Nasoma 0.38. Toa fyuzi ya zambarau: bado 0.38. Basi ni upande wa kahawia usio na fyuzi. Chomoa plagi ya alterneta... 0.00. Daiodi inavuja. Alterneta itashuka mezani.

Kabla sijarudisha kebo: waya mwekundu, tundu la volti. Nimeurudisha. Kijana, sogeza kamera karibu waone. Umerudi. Sasa ndiyo napima betri tena: 6.30, 6.27. Waya mweupe kwenye koili, kifuniko, zulia, viti mbele.