Pima Rafu Kwanza, Ndipo Uniletee Habari za Saratani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sayansi na wageni wao, Kisumu)

Asante, mwenyekiti. Wazee wangu, kina mama, wanafunzi, hamjambo? Walionisikia Maseno na walionisikia Eldoret wataniwia radhi. Wimbo ni ule ule: kabla hujasema sumaku imezifanya nini seli za saratani, pima kwanza sumaku iliyomo kwenye rafu ya inkubeta, lile sanduku la joto la kukuzia seli. Nitauimba hadi mtu aniletee rafu aliyoipima.

Toeni simu. Simu nyingi zina dira ndani, na hiyo dira ni kipima-sumaku. Kuna programu za bure zinazoonyesha namba yake kwa maikrotesla, kipimo cha nguvu ya sumaku. Mliokaa hapo katikati mtaona thelathini na kitu. Hiyo ni sumaku ya dunia hapa kwetu. Sasa wewe uliye kwenye kiti cha chuma, sogeza simu karibu na mguu wa kiti. Imeruka? Basi mhadhara umekwisha. (Kicheko.) Ila nimelipiwa nauli, acha niendelee.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia kijana wa uzamili aliyekuza seli za saratani katika maabara ambayo siitaji, maana bado hunipa chai. Alitaka kujua kama uga dhaifu wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyotanda mahali, unapunguza kasi ya seli hizo kugawanyika. Alijisukia koili zake mbili, yaani waya uliozungushwa duara ili ukipitishwa umeme utoe sumaku, mizunguko 100 kila moja, nusu kipenyo sentimita 10. Ukipitisha miliampia 50 unapata kama maikrotesla 45 hapo katikati. Kazi safi. Akaweka chupa za koili rafu ya chini ya inkubeta, chupa za ulinganisho, zisizopewa sumaku, rafu ya juu. Nyuzi 37, kaboni dioksaidi asilimia 5, kila kitu kama kitabu kinavyotaka.

Wiki ya kwanza, seli za chini zimebaki nyuma. Wiki ya pili, vivyo hivyo. Wiki ya tatu kijana ameanza kuandika makala, na nyumbani kwao wameshaambiwa mtoto amepata dawa. Mimi na roho yangu ya kutu nikamwambia: zima koili, urudie. Akaniangalia kama nimemwomba ng'ombe wa mahari. Akazima, akarudia.

Seli za chini zikabaki nyuma vile vile. Koili haina hata chembe ya stima!

Tukachukua kipima-sumaku, tukakipitisha ndani ya lile sanduku kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro. Katikati ya rafu, namba moja. Sogea nyuma, kwenye mota ya feni, namba nyingine kabisa. Karibu na mlango, nyingine. Chupa mbili zilizogusana mabega zilikuwa zinaishi nchi mbili tofauti. Ile tuliyoiita "ulinganisho" ilikuwa imekaa ndani ya uga wake yenyewe, ambao hakuna aliyewahi kuuandika popote.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Mwalimu, huenda ilikuwa joto, rafu ya chini ni baridi." Ndiyo! Huenda! Hicho ndicho kinachoniuma. Hatukupima joto la kila rafu, hatukupima sumaku ya kila rafu, lakini tulikuwa tayari kuuambia ulimwengu kuhusu saratani. Kijana alilia. Nami nilikaribia.

Na msidhani ni inkubeta zetu za mitumba tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, akiwemo Frank Barnes, walichapisha vipimo vya ndani ya inkubeta za maabara. Uga ulibadilika kwa makumi ya maikrotesla ndani ya sentimita chache. Huyo Barnes ni mtu anayeamini kwamba uga dhaifu unaweza kugusa ukuaji wa seli, na yeye mwenyewe ndiye anayekwambia upime sanduku. Mpinzani angesema hivyo tungemzomea.

Kuna mwingine, wa fizikia huyu, ananung'unika kwamba jambo lote ni upuuzi: nishati ambayo maikrotesla 50 inaipa elektroni ni ndogo mamilioni ya mara kuliko mtikisiko wa joto ndani ya seli. Hesabu yake ni sahihi. Lakini kuna michakato ambayo elektroni mbili huzaliwa pamoja kama pacha, na spini zao, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni, ndizo huamua kama zitarudiana au zitaachana. Hapo uga dhaifu hausukumi kitu. Unageuza uwezekano tu, kabla joto halijavuruga. Zikiachana, seli inaweza kuishia na haidrojeni peroksaidi zaidi au pungufu, na seli huisikiliza sana hiyo: kidogo huichochea igawanyike, nyingi huiua. Huenda ndiyo maana maabara moja huona saratani ikipungua kasi na nyingine huiona ikiongezeka. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwenye rafu yake.

Sasa fikirieni. Boulder sumaku ya dunia inazidi maikrotesla 50. Hapa ni thelathini na kitu. Chupa ya seli iliyoletwa kwa ndege kutoka kule imeshafanyiwa jaribio kabla hujaifungua! Halafu mtu ananiuliza sisi wa Kisumu tuna haja gani na utafiti huu wakati wagonjwa wanakosa dawa. Dawa zinunuliwe, mimi sipingi. Lakini hii koili ni waya wa shaba kutoka kwa fundi anayesuka mota, na bomba la plastiki la maji. Ukweli mwingi haupatikani kwa bei nafuu hivyo.

Mwenyekiti anaangalia saa. Haraka basi. Koili hupata moto: suka nyaya mbili sambamba, na kwenye koili ya ulinganisho uzipitishie umeme pande zinazopingana, joto liwe lile lile na sumaku ifutane. Anayehesabu seli asijue chupa ipi ni ipi. Kuhusu nguzo za msongo wa juu na leukemia, saratani ya damu, ya watoto, hilo ni swali lililoanzia utafiti wa Denver, Marekani, wa 1979, na 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka uga wa sumaku wa umeme huo kundi la "huenda unasababisha saratani"; ni mhadhara mwingine. Vikuku vya sumaku vya stendi? Mama, vaa, vinapendeza.

Slaidi zilizobaki naziacha. Koili iko pale mezani. Anayetaka kuipima aje na simu yake, na funguo aziache mlangoni.