Ile mito ya kwenye kochi: khanga, shuka na foronya, bila sindano

Habari zenu ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na wote wa Kusini. Nimewasha kamera kwa swali moja tu. Naweka video ya kodi ya nyumba, komenti zinauliza mito. Naweka ya vibali, mito tena. Dada, hiyo mito nyuma yako umenunua wapi, bei gani, na utatutumia lini?

Sikununua. Huu wa kijani ni khanga, huu mweupe ni shuka lililochakaa katikati, na ule wa mistari ni foronya ya kulalia. Hakuna uliopita kwa fundi. Najua kuna atakayesema najionyesha, na mwingine atasema kumbe Ulaya kugumu mpaka watu wanafunga mito kwa khanga. Jamani, si hivyo. Ni hesabu.

Kifurushi kutoka huku Uingereza kinataka fomu ya forodha. Unaandika kimoja kimoja kilichomo, uzito na thamani, hata kama ni zawadi ya mama yako mzazi. Kikifika, anayepokea anaweza kudaiwa ushuru. Halafu kuna safari ya kutoka Dar mpaka kwenu, na barabara ilivyokatika kwa mvua Mei 2024 hamjasahau. Nauli ya foronya nne inazidi foronya zenyewe, halafu mtu anaandika kwamba nimekuwa mchoyo. Hilo linaniuma, nasema wazi, kwa sababu kitu chenyewe mnacho kabatini.

Haya, chukua futi ya kupimia. Pima upana wa mto kwa sentimita, zidisha mara mbili, ongeza 20: huo ndio upana wa kitambaa. Kwa urefu, zidisha mara mbili, ongeza 60. Mto wa kochi wa sentimita 45 unataka kitambaa cha 110 kwa 150, na hicho ndicho kipimo cha khanga nyingi. Huna haja ya kukata chochote. Mto wa 50 unataka 120 kwa 160, hapo khanga haitoshi, nyuma itabaki wazi. Tumia shuka.

Tandaza khanga sakafuni, uso ukiangalia chini. Weka mto katikati. Kunja upande wa juu uje mgongoni mwa mto, kisha wa chini uje juu yake, ukingo wa pindo ukiwa umekunjwa kwa ndani. Sasa una mikia miwili, kushoto na kulia. Watu wengi wanaharibu hapa: wanavuta mikia moja kwa moja na kufunga, mto unatoka na masikio kwenye pembe zote nne. Kabla ya kuvuta, sukuma kitambaa cha kila pembe kwa kidole gumba kiingie ndani, kama unavyofunga zawadi kwa karatasi, mpaka mkia uanze mpana pale kwenye mto na kuishia mwembamba. Ndipo uvute yote miwili mpaka katikati ya mgongo, ufunge.

Fundo lenyewe: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ukirudia mkono uleule mara mbili, fundo linalegea mtoto akiegemea tu. Ncha zinazobaki zichomeke chini ya fundo. Shuka za satini na polista zinateleza hata ukifunga vizuri. Kwa hizo kusanya mikia miwili kwa mpira wa nywele, kisha ufiche mpira kwa ncha. Vitenge vizito fundo lake linatuna, mimi sivipendi kwa kazi hii.

Wapenda majina ya khanga: ukiweka mto katikati kabisa, jina litakunjwa nyuma. Usogeze mto kuelekea jina mpaka lionekane ndani ya eneo la mto. Upande wa chini utabaki mfupi, basi huo ndio uanze kuukunja, kisha ule mrefu wa juu uufunike. Jina refu litakatika pembeni, hapo chagua doti nyingine. Na khanga mpya fua kwanza, peke yake, mpaka maji yatoke meupe. La sivyo jasho la mgongo litahamisha rangi kwenye kochi.

Foronya ni rahisi mno. Ya 50 kwa 75 inameza mto wa 50, zinabaki kama 25. Chomeka mkia huo ndani, kati ya mto na kitambaa, geuza mdomo uangalie chini. Basi.

Shuka lililochakaa ndilo la kukata, na kata pembezoni, ambako halijaliwa. Doa la bibo, lile tunda la mkorosho, halitoki, lakini lipange liangukie kwenye mikunjo ya nyuma. Kwa mto wa 45 kata 110 kwa 50. Utahitaji utepe wa gundi unaoyeyuka kwa pasi, wa upana wa sentimita 2 hivi. Kunja ncha mbili fupi sentimita 2.5, bandika. Laza kitambaa uso juu, leta ncha zote mbili katikati zipandane sentimita 15, bandika juu na chini kwa kuacha 2.5 pembeni, subiri kipoe, geuza. Pasi ikandamize sekunde kumi, inyanyue, isogeze. Ukiisugua kama unanyoosha shati, utepe unahama. Ukigeuza kabla hakijapoa, pembe zinaachia. Gundi haishiki vizuri kitambaa chenye wanga wa dukani, kwa hiyo fua kwanza.

Kwa mtu wa pwani mimi napendekeza fundo kuliko gundi, kwa sababu hewa yenu ina unyevu na mto wa sufi au sponji unataka kuanikwa mara kwa mara. Fundo unafungua na kufunga upendavyo. Lakini huo ni mtazamo wangu, kila mtu na kochi lake.

Ukitaka vipimo vya mto mwingine, andika upana pamoja na unene. Ile 20 niliyoongeza inatosha mto wa unene wa kawaida, mto mnene unataka zaidi.