Chora mtaa wako kila siku: daftari, peni na rangi kijiweni Kariakoo

Haya, mambo vipi wapendwa, karibuni. Leo tupo nje, kelele mzizoee. Hapa ni Kariakoo, kijiwe cha kahawa, na mzee mwenye kijiwe nimeshamwomba ruhusa. Mliokuwa mnaniuliza mnaanzaje kuchora kila siku, video yenu ndiyo hii.

Vifaa, haraka haraka. Daftari la A5, liingie kwenye mkoba. Kaunta buku ya kwaya mbili inafaa kwa peni peke yake. Ukiipaka rangi ya maji inanywa na kutokezea nyuma. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na kwa rangi ya maji wewe anzia gramu 200. Daftari hizi ninazoshona mimi ndizo za gramu hizo. Ndiyo, nauza, tutafika huko.

Peni iwe ya wino usioyeyuka kwa maji. Usiulize muuzaji, atakwambia ndiyo. Chora mstari, subiri kama dakika, pitisha kidole chenye mate. Umechafuka? Mrudishie peni yake. Brashi moja. Rangi tatu: bluu, njano, kahawia. Bluu na kahawia zinakupa kijivu cha vivuli, nyeusi mimi siipendi, inaua picha. Maji nayatia kwenye kizibo cha chupa. Vibanio viwili vya nguo, upepo usifunue kurasa. Basi. Penseli sijabeba makusudi, kwa sababu ukianza kufuta hapa, unayemchora ameshalipa kahawa yake na kuondoka.

Sasa, tunachora nini? Watu wengi wakinunua daftari wanakimbilia mjini kuchora Sanamu ya Askari pale Samora, au kanisa la Azania Front. Sawa, pazuri. Lakini yule askari kasimama pale tangu 1927, hana haraka, utamchora hata ukistaafu. Ninachokiwahi mimi ni kona kama hii. Soko la hapa, lile lenye paa la zege la miavuli, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakahamishiwa masoko mengine. Mwenye ukurasa wa kona yake ya kabla ya hapo, nani alikaa wapi, nani aliuza nini, anajua thamani yake. Kwa hiyo usitafute pazuri. Chora unapokunywa chai.

Hatua ya kwanza, mstari wa macho. Hii sikilizeni, ndiyo inayowasumbua wengi. Mimi nimekaa kwenye benchi. Navuta mstari mwepesi huu hapa, usawa wa macho yangu. Wote waliokaa kama mimi, wa karibu na wa mbali, vichwa vinagonga hapohapo. Waliosimama, mstari unawakata kifuani, awe hapa mbele au kule kwenye duka la vitenge. Kinachobadilika ni miguu: wa karibu miguu inashuka chini kabisa ya ukurasa, wa mbali inapanda juu. Mkikosea hapo watu wenu wataelea. Mkipatia, hata mkichora vijiti tu, barabara itaonekana ina kina.

Samahani, samahani... bodaboda kapita akaigusa kamera. Ngoja niiweke sawa. Mnaniona? Haya.

Hatua ya pili, mchague anayerudia. Huyu anayepita na mzigo kichwani mwacheni, ameshakwenda. Mtazameni muuza kahawa. Anainama, anamimina, anainuka. Ataifanya tena na tena mpaka jioni. Kwa hiyo akiinama nachora mgongo, mstari mmoja kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kainuka? Simkimbizi. Nachora birika, halafu jiko dogo la mkaa chini yake, halafu sinia la kashata. Haya, kainama tena, nadaka mkono. Vikombe viko kwenye vidole vya mkono wa kushoto, vikombe viwili vimepangwa pamoja, mnaviona? Kamera inakataa kuvuta karibu, lakini viko hivyo. Vidole sichori kimoja kimoja, nachora umbo la vikombe na mkono unajionyesha wenyewe.

Wacheza drafti nao ni wa kuchora hadi uchoke. Akifikiria, hatikisiki. Visoda vya huyu vimelala, vya mwenzake vimefunuliwa, ukiweka vidoti vitano sita inatosha.

"Binti, hiyo pua ni yangu?"

Shikamoo mzee wangu.

"Marahaba. Nimeuliza, pua."

Ni yako, mzee. Niipunguze?

"Iache. Ila niandikie kwamba nashinda mimi."

Haya, nimemwandikia hapa pembeni, mnaona: "mzee wa kofia anasema anashinda." Mpinzani wake anakataa. Hayo maneno yaandikeni, jamani, yanashika siku kuliko mchoro. Na mtu akikukatalia, funga peni, sema samahani, chora birika. Wala usiende kukaa na daftari mbele ya kambi ya jeshi au Ikulu, hutaki kuulizwa maswali kwa ajili ya picha ya mti.

Hatua ya tatu, rangi, na hapa polepole. Wino umekauka? Subiri tena kidogo. Sitapaka ukurasa mzima. Ile daladala pale nyuma napaka mstari wake wa ubavuni tu, mwili mweupe nauacha karatasi. Mtu wa Dar akiuona ule mstari anajua inakwenda wapi. Halafu kahawia kwenye birika, kijivu chini ya benchi. Kivuli kianze miguuni pa mtu, kiguse kiatu, la sivyo mtu wako anaruka.

Sasa usifunge daftari. Narudia, usifunge. Dar ina unyevu, na masika ndiyo usiseme. Ukurasa unauona umekauka, hauna maji, haung'ai, lakini ni mbichi ndani. Gusa kwa mgongo wa kidole, hivi. Ukihisi ubaridi, bado. Huu wangu ni baridi. Bado. Tazameni ukurasa huu wa nyuma, huyu mama wa mihogo uso wake umehamia upande wa pili, kwenye mchoro wa bwana mwingine kabisa. Msiniulize. Bana na vibanio, daftari liwe wazi, agiza kikombe kingine. Konda akikuita, panda nalo likiwa wazi mkononi, wakucheke. Usilifunge.

Simu imepata moto, inaniandikia ipumzike, nimalizie. Pembeni weka tarehe, saa na mahali. Siku huna muda, chora sandali za aliyekaa mbele yako kwenye mwendokasi, ukurasa umeisha.

Nagusa tena... bado kidogo. Wacha likae.

Daftari, sasa. Kurasa zimeshonwa kwa uzi, zinalala bapa, hazing'oki. Za jalada la kitenge zimebaki chache na sichagulii mtu rangi, kwa hiyo wahini. Za turubai nyeusi zipo. Bei nimeiandika chini ya video. Wa mikoani natuma kwa basi, nauli ya mzigo ni juu yako, na risiti ya basi nakupigia picha nikishakabidhi.