Wiki moja Skye na Harris: hela, leseni na kivuko

Wazee wangu shikamooni, wenzangu na wadogo zangu, habari za siku. Leo sina picha za milima. Nimekaa mezani na daftari langu, kwa sababu tangu niweke ile video ya visiwa vya Skye na Harris, huku Scotland, swali ni lile lile: "Dada, mlitumia hela ngapi, na leseni ya Bongo wanaikubali?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na bado wapo wanaoandika kwamba najishaua. Sijishaui. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Glasgow, na hiyo wiki niliiwekea akiba miezi kumi na moja. Na nikitaja yaliyonikera msiniambie "si urudi nyumbani". Safari niliipenda sana, na palipouma pia nitapasema.

Hela kwanza. Tulikuwa watatu, na kwa gari, mafuta, vivuko, malazi na chakula tulichanga karibu pauni 390 kila mtu. Ingekuwa chini ya hapo. Tulipanga wanne, mmoja akajitoa siku tisa kabla, wakati nyumba zote tumeshazilipia na hazirudishi pesa. Simtaji, ila mpaka leo hajaniambia hata pole, na hilo limeniuma kuliko pesa yenyewe.

Sasa leseni. Ukishahamia Uingereza, leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu. Mwenzako wa Zimbabwe au Afrika Kusini anabadilisha yake anapewa ya hapa, nchi zao zimo kwenye orodha. Sisi hatumo, Kenya hawamo, Uganda hawamo. Unaanza upya kama hujawahi kushika usukani. Mimi nimeendesha Dar miaka tisa, Barabara ya Mandela jioni, malori huku na huku, halafu nabandikiwa herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari! Leseni ya kujifunzia nililipa pauni 34, mtihani wa nadharia 23, wa barabarani 62, na mwalimu hapo sijamhesabu. Tarehe ya mtihani niliisubiri miezi mitano.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyenidokeza. Nilifanya mtihani kwa gari la otomatiki, na hapa ukifaulu kwa otomatiki huruhusiwi kugusa gari la gia za mkono. Nikaenda kukodi, nakuta otomatiki ni chache na bei yake iko juu. Pale walipokodisha walitaka dhamana kwenye kadi ya mkopo, kadi ya kawaida ya benki hawakuitaka. Wakazuia pauni 800, zikarudi baada ya wiki tatu za barua pepe kuhusu mkwaruzo niliokuwa nimeupiga picha kabla sijawasha gari. Pigeni picha, hata matairi. Halafu kuna namba ya siri ya kuthibitisha leseni, unaitoa kwenye tovuti ya serikali. Inadumu siku 21. Mimi niliitoa mapema mno, siku ya kuchukua gari ikawa imekufa, tukakaa kaunta saa nzima.

Wengi mnaniomba orodha ya vivutio. Vivutio vipo, ile milima ya Storr na Quiraing kule Skye mmeshaiona kwenye video. Mimi nawaambia shikeni kivuko kwanza, mengine yatafuata. Skye yenyewe unaingia kwa daraja, tena bure. Lilipofunguliwa 1995 watu walitozwa, wenyeji wakagoma kulipa mpaka tozo ikafutwa mwishoni mwa 2004, na kila nikipita pale nawashukuru. Ila kutoka Uig, huko huko Skye, kwenda Tarbert, kule Harris, lazima upande kivuko, na nafasi za magari majira ya joto zinaisha wiki nyingi kabla. Sisi tulikuwa nayo ya Jumanne. Jumanne upepo ukakataa, tukavushwa Jumatano, na chumba cha Harris cha usiku ule kikaenda hivyo hivyo. Kwa hiyo usilipie malazi yasiyorudisha pesa usiku wa kwanza baada ya kuvuka. Hiyo ni kwangu mimi, mwingine ana bahati na hali ya hewa.

Tuliondoka Glasgow Jumamosi, Jumapili tukaimaliza Skye, kwa makusudi. Lewis na Harris, ambavyo ni kisiwa kimoja chenye majina mawili, Jumapili wengi wanaiheshimu, maduka mengi yanafungwa na sheli usiitegemee. Barabara nyingi ni za gari moja, zina sehemu zilizotanuliwa pembeni za kupishana. Usiegeshe hapo upige picha, wenyeji wanaudhika na wana haki. Kilomita ambazo simu inakwambia ni nusu saa, wewe hesabu saa nzima. Na usubi! Jioni isiyo na upepo wanakuvaa uso mzima, nunua wavu wa kichwani.

Tulirudi kwa kivuko kutoka Stornoway, upande wa Lewis, hadi Ullapool bara, karibu saa mbili na nusu majini, kisha Inverness na barabara ya A9 mpaka nyumbani.

Kuna aliyeandika kwamba nazunguka visiwani nimemsahau mama. Hilo nalijibu. Usiku tuliofika Harris nilimpigia mama Tanga. Kwetu saa nne usiku, kwake saa sita, alikuwa macho ananisubiri kwa sababu ya habari za upepo. Nikageuza simu nikamwonyesha ufukwe wa Luskentyre, mchanga mweupe, jua halijazama. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Huko hakuchi?" Nikamwambia linakaribia kuzama, mama. Kesho yake nilimnunulia kipande cha sufu ya Harris, ile ambayo kwa sheria ya 1993 lazima mwenyeji wa visiwa vile aifume kwa mkono, nyumbani kwake. Ameniambia anakishona koti la kuvaa akienda Lushoto kwa dada yake.